Pikapu Kuukuu: Kazi ya Kushika Mwenyewe na Kazi ya Kumwachia Fundi

Mwenye pikapu iliyokula miaka kumi na tano au zaidi hakosi kazi. Leo oili inavuja, kesho breki zinapiga kelele, keshokutwa gari linagoma kuwaka asubuhi. Kila mara swali ni lile lile: nifungue mwenyewe au nilipeleke gereji?

Wengi huamua kwa kuangalia ugumu wa kazi, na hapo ndipo wanapopotea. Kushusha giaboksi ni kazi nzito, lakini ukiifunga vibaya gari halitaingia gia, nawe utajua likiwa bado limesimama uani. Kufunga mpira wa breki ni kazi ya dakika ishirini, na kosa lake hujitokeza mteremkoni. Kwa hiyo hapa tunalinganisha kwa maswali matatu. Ukikosea, gari litakuonyesha kosa kabla halijatembea? Kazi inahitaji kipimo au mashine usiyo nayo? Na ukikwama katikati, gari linaweza kulala hapo siku mbili bila kukuvurugia maisha?

Swali hilo la tatu lina uzito kwenye pikapu kuukuu kuliko kwenye gari jingine lolote, kwa sababu ya kutu.

Kutu: gharama isiyoandikwa kitabuni

Muda uliotajwa kwenye kitabu cha matengenezo ulipimwa kwenye gari jipya. Kazi ya saa moja, bolti zikiwa zimeshikwa na kutu, huwa ya nusu siku. Mwenyewe una faida moja hapa: muda. Piga nyuzi brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, ndipo ushike spana. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye ncha tu na kuiviringisha. Anza kwa kukaza kidogo, kisha legeza, kaza tena, legeza. Bolti ikianza kuzunguka kwa ulaini usio wa kawaida, kama inanyumbuka, simama: inakaribia kukatika.

Faida ya fundi ni moto. Bolti iliyokatika yeye huchomelea nati juu ya kisiki chake. Joto linalegeza kutu, na nati inampa pa kushika. Usipokuwa na mtungi wa gesi wala mashine ya kuchomelea, kabla ya kuanza kazi yoyote jiulize ni bolti ipi ikikatika itakukwamisha, na uijaribu hiyo kwanza. Ikigoma kabisa, funga vifaa na upeleke gari likiwa bado linatembea.

Vifaa vya nyumbani ni vichache: soketi za milimita 8 hadi 24, spana ringi, bisibisi imara, nyundo, spana ya kupimia mkazo, mita ya umeme, jeki, kabari za magurudumu na stendi mbili za chuma. Stendi si za hiari. Sili ya jeki ya mafuta hukatika bila kutoa taarifa, na pikapu tupu ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili.

Oili: hapa fundi hana anachokuzidi

Oili ya injini na filta yake ni kazi ya mwenyewe, bila mjadala. Washa injini dakika tano ili oili ilegee, fungua bolti ya chini, acha itiririke robo saa. Badilisha washa ya bolti hiyo. Ile ya zamani imeshabonyea na ndiyo chanzo cha matone mengi yanayosingiziwa sili. Filta mpya ipake oili kwenye mpira wake, izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Hakikisha pia mpira wa filta ya zamani umetoka nayo: ukibaki umeganda kwenye injini, mipira miwili itakaa juu kwa juu na oili yote itamwagika ndani ya dakika chache. Injini za petroli za silinda nne kwa kawaida huchukua lita 4 hadi 6, za dizeli za pikapu lita 5.5 hadi 8. Weka pungufu kidogo, washa, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, ndipo uongeze.

Giaboksi na difu (sanduku la gia la ekseli) zinahitaji jicho zaidi. Fungua bolti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga oili yote ndipo ugundue kwamba bolti ya kujazia imeganda, umebaki na gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi. Kiwango sahihi ni oili kufika kwenye mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Angalia pia daraja la oili: difu za pikapu hutaka GL-5, lakini giaboksi nyingi za zamani zinataka GL-4, kwa sababu dawa iliyomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya zile pete zinazolainisha uingiaji wa gia. Mtu akitumia kopo moja kwa vyote viwili, jambo linalotokea sana gereji zenye haraka, gia huanza kukwaruza miezi kadhaa baadaye na hakuna anayekumbuka sababu.

Breki: gawa kazi vipande vipande

Kosa ni kusema "breki ni za fundi" au "breki nafanya mwenyewe" kana kwamba ni kazi moja. Ni kazi tatu.

*Pedi za mbele* ni za mwenyewe. Legeza nati za gurudumu kabla ya kupiga jeki, weka stendi, toa gurudumu. Kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi) inayotelezea, fungua bolti ya chini na uinue kalipa juu. Kwenye kalipa isiyotembea, ile yenye pistoni pande zote mbili, pedi hutoka kwa kuchomoa pini tu. Kalipa isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, ifunge kwa waya. Pedi ikibaki milimita 3, muda wake umeisha. Pima na diski: unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, nyonya mafuta kidogo kwenye kikopo cha breki kwa bomba la sindano, la sivyo yatafurika na kubabua rangi.

Soma pedi za zamani kabla hujazitupa. Moja ikiwa imelika na mwenzake bado nene, pini za kuteleza zimeganda au pistoni imekwama, na pedi mpya zitalika vivyo hivyo. Pini zisafishe na uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Ukimaliza, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Mkanyago wa kwanza baada ya kazi hii huzama hadi chini, na wapo waliogundua hilo mbele ya ukuta.

*Breki za dramu za nyuma* ni za mwenyewe mwenye subira. Dramu iliyoganda huwa na vitundu viwili vyenye nyuzi, mara nyingi vya bolti za milimita 8: ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu, nayo itasukumwa nje. Ikikataa, legeza kwanza kirekebishi kupitia tundu la nyuma, maana shuu zimeshika ukingo uliobaki kwenye dramu. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo. La zamani laweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ndio picha yako ya springi ipi inakaa wapi. Kirekebishi cha kushoto na cha kulia havibadilishani: nyuzi zake zinapishana, na vikihamishwa hufupika badala ya kurefuka, pedeli ikaendelea kushuka kila wiki. Ukiona unyevu ndani ya dramu, chovya kidole unuse. Mafuta ya breki ni mepesi, hayana harufu kali. Hapo silinda ndogo ya gurudumu imekufa, na kuibadilisha ni bolti mbili na paipu moja. Mafuta mazito yanayonuka kiberiti ni ya difu: sili ya ekseli imechoka. Hiyo, kwenye pikapu nyingi, inadai beringi ya ekseli ing'olewe na kurudishwa kwa presi. Mpe fundi, na shuu zilizolowa oili zitupe. Haziokoki kwa petroli wala msasa.

*Paipu na masta silinda* (pampu inayosukumwa na pedeli) ni za fundi. Paipu ya chuma iliyoliwa na kutu hukatika ukishika nati yake, na kutengeneza mdomo mpya kunataka kifaa chenye usahihi. Kazi ya kutoa hewa tu unaiweza, mkiwa wawili: anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda isipokuwa kitabu kiseme vingine, mmoja akanyage, mwingine afungue na kufunga skrubu, kikopo kisikauke kamwe. Pikapu nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma inayopima mzigo na kugawa nguvu ya breki. Nyingine ina skrubu yake ya hewa, na ikisahauliwa pedeli hubaki laini hata utoe hewa siku nzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, yakishalowa kiwango cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha kila miaka miwili, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Umeme: mwenyewe mwenye mita humshinda fundi mwenye haraka

Hapa maoni yetu huenda yakawashangaza wengi. Hitilafu za umeme kwenye gari kuukuu ni kazi ya kutafuta, na kutafuta kunataka muda tulivu, kitu ambacho gereji huwa haina. Fundi mwenye magari sita kwenye foleni hubadilisha alteneta, kisha betri, kisha stata, hadi tatizo liondoke. Mita ya bei ndogo hukwambia ndani ya dakika kumi.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, tarajia 13.8 hadi 14.5. Chini ya hapo, angalia belti na alteneta. Juu ya 15, regulita imeharibika na inapika betri. Kisha fanya kipimo ambacho wengi hawakifanyi: gusa waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, mwingine kwenye chuma cha injini, na mwenzako azungushe stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa ardhi. Stata yako ni nzima. Fungua waya huo, piga msasa hadi chuma king'ae, ufunge tena.

Betri ikiisha usiku, unganisha mita ya ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa, wala usiwashe gari mita ikiwa hapo. Baada ya robo saa isizidi takribani miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja. Itakayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi ni redio, king'ora au taa iliyoungwa na mmiliki aliyetangulia kwa waya uliosokotwa na kufungwa utepe.

Fundi wa umeme mpelekee kilichokwisha kuthibitika: alteneta ya kubadilisha brashi, stata ya kusukwa. Kuvitoa unaweza mwenyewe, ukianza kwa kufungua waya hasi wa betri.

Joto la injini: pima mwenyewe, hedi mwachie mwenye mashine

Injini ikipandisha joto, anza na vya rahisi, ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliopasuka hauwezi kushika presha, na maji huchemka mapema. Thamostati itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto: nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Mipira ibonyeze, iliyolegea kama sponji au kukauka na kupasuka, badilisha. Rejeta ijaze mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa dawa ya rejeta na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba matupu huacha magaga na kuozesha alumini. Dawa hiyo ni sumu tamu, wanyama huilamba, isiachwe kwenye beseni.

Gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, ndiyo mpaka. Dalili zake unazipima mwenyewe: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, mapovu hayakomi rejetani, maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, oili inageuka rangi ya maziwa. Kufungua hedi wengi wanaweza. Lakini kubadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi ni kufanya kazi mara mbili: hedi iliyopika huwa imejipinda, na injini nyingi haziruhusu zaidi ya sehemu chache za mia za milimita. Hilo linahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli, fila geji, na pengine mashine ya kusawazisha. Kukaza nako kuna mpangilio wake, kwa hatua, kutoka katikati kwenda pembeni, na bolti zinazokazwa kwa nyuzi za mzunguko huwa zimenyooshwa na kwa kawaida hazitumiki tena. Kama huna siku tatu, mpe fundi. Kama unazo, fungua mwenyewe na upeleke hedi peke yake kwenye mashine.

Chini ya gari

Kros ya propela shafti ikilia "klong" unapotia gia, ni ya mwenyewe kama una jiliwa imara. Weka alama ya rangi kwenye shafti na flenji kabla hujafungua, maana ukiirudisha kinyume gari litatetemeka. Kuwa makini na sindano ndogo ndani ya vikombe: moja ikilala, kikombe hakiingii hadi mwisho na klipu haikai. Usilazimishe kwa nyundo, toa uangalie.

Springi za nyuma: bolti za umbo la U hazirudishwi, nunua mpya. Bolti za bushi zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukizikaza likiwa linaning'inia, bushi za mpira huishi zimesokotwa na hupasuka mapema. Rudi na spana baada ya kilomita mia chache.

Usukani na boljointi ni vya fundi, kwa sababu ile ile ya swali la kwanza. Kutambua kilichochoka ni kazi yako: inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi au boljointi, lishike kushoto na kulia, likicheza ni tairodi. Zaidi ya hapo kuna springi au baa zilizojikunja kwa nguvu ya kuvunja mkono, na baada yake gari lazima likanyooshwe magurudumu kwa mashine.

Klachi, taiming belti na dizeli

Klachi si sayansi, ni uzito. Giaboksi ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hailaliki kifuani mwa mtu. Bila jeki yake, mpe fundi, na umwambie abadilishe vyote kwa mara moja: diski, presha, beringi ya kubonyeza, ile ndogo ya katikati ya flaiwili, na sili ya nyuma ya injini kama inavuja.

Taiming belti ni kinyume chake: nyepesi, vifaa vichache, lakini meno kadhaa yakiruka kwenye injini ambayo vali zake hufikia pistoni, injini huenda imekwisha. Unaweza kuifanya ikiwa una alama sahihi za injini yako na unakubali kuzungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuthibitisha alama kabla ya kugusa ufunguo. Ukihisi kuzuiwa, usisukume. Hesabu huanza upya siku unayonunua gari: historia ya belti isipokuwa kwenye karatasi, ihesabu kuwa imekwisha.

Dizeli inagawanyika kwa umri. Pampu ya zamani ya kimakanika inakuruhusu kubadili filta, kumwaga maji yaliyotuama chini yake, na kutoa hewa kwa kupampu kwa mkono na kulegeza nati za nozo. Mfumo wa reli moja wa kisasa (common rail), ambamo bomba moja la presha hulisha nozo zote, hufikia presha ya bar 1,600 na zaidi. Mchirizi wake hutoboa ngozi. Hapo usilegeze nati yoyote injini ikiwaka. Filta badilisha, mengine mwachie mwenye mashine ya kupimia nozo.

Kazi nyingine, kwa haraka:

| Kazi | Mwenyewe | Fundi |
|---|---|---|
| Plagi za petroli | Ndiyo, injini ikiwa baridi | Uzi wa hedi ukiharibika |
| Shokapu za nyuma | Ndiyo | Bolti ya chini ikikatika |
| Beringi za mbele | Zile za kukazwa kwa nati na kupakwa grisi | Zile za kuingizwa kwa presi |
| Ekzosi | Mipira na klampu | Kuchomelea |
| Kutu ya chesi | Kukwangua na kupaka dawa | Shimo lolote, bila ubishi |
| Gesi ya kiyoyozi | Hapana | Ndiyo |

Njia ya katikati

Chaguo ambalo watu hulisahau ni kugawana kazi: toa kifaa mwenyewe, peleka kifaa badala ya gari. Alteneta, rejeta, hedi na ekseli vyote vinabebeka. Unaokoa malipo ya kufungua na kufunga, na fundi anafanya lile tu linalohitaji mashine yake.

Vipuri navyo vifuate hatari. Kioo cha taa, mlango, kitasa, hata giaboksi, nunua vilivyotumika. Chochote cha mpira, breki, sili na boljointi, nunua kipya. Thamostati na sensa za bei ya kutupa hukurudisha kazini baada ya miezi mitatu.

Na gari likienda gereji, usiseme "linasumbua." Peleka karatasi: volti ulizosoma, gurudumu lililocheza na upande wake, oili imepungua kiasi gani kwa kilomita ngapi. Omba kurudishiwa vifaa vilivyotolewa. Likirudi, shika spana ya kupimia mkazo upitie nati za magurudumu kwa mkazo uliotajwa kitabuni, ukirukia upande wa pili kila mara, na urudie baada ya kilomita 50 hadi 100, haijalishi ni nani aliyezifunga.